Sura ya Tisa: Taa Zinazowaka Mchana

Reginaldi alidanganya mara tatu kabla kahawa haijapoa, na Mushagalusa alimwacha adanganye. Miaka kumi na mitatu katika upelelezi wa polisi mjini Bukavu ilikuwa imemfundisha kwamba anayeongopa vibaya kwa kawaida si mwizi. Mwizi hujiandaa.

Walikuwa wameketi kwenye gereji ya Reginaldi huko South End, upande wa kusini wa jiji la Louisville, mlango ukiwa umeinuliwa nusu ili mwanga wa asubuhi ya Oktoba uingie. Siku za kazi Reginaldi alipakia maboksi ghalani. Siku za mapumziko alichapa fulana za kwaya na kuandika mabango ya makanisa. Swali aliloulizwa lilikuwa moja tu: dada yake, Delfina, alimtumia nini kwa posta kutoka Buffalo tarehe tisa Julai? Kwanza alisema ni vitenge. Halafu ikawa kalenda. Halafu akasema hakumbuki, ilikuwa zamani, mwaka 2015 wote umempita kama upepo.

Mushagalusa hakubishana naye. Aliangalia kucha za mwenyeji wake, ambazo zilikuwa na rangi ya zambarau mpaka kwenye nyama. Aliangalia meza ya kazi: mbao mbili zilizochongwa maua, chupa za wino, na karatasi nane zilizoanikwa kwenye kamba, kila moja ikiwa na mstari mpana wa zambarau uliokoza juu na kufifia kuelekea chini. Alikuwa ameendesha gari siku nzima kutafuta ushahidi wa kumwokoa mwanamke, na sasa alikuwa mbele ya kiwanda kizima cha kumfunga.

Maana kesi yenyewe ilikuwa hivi. Mzee Wojcik wa North Buffalo, mwenye miaka themanini na saba na macho yaliyokaribia kuzimika kabisa, alikuwa na picha kumi na mbili za mchoraji wa Kijapani wa karne ya kumi na tisa aliyeitwa Tokimine. Zilichapwa kwa mbao zilizochongwa, rangi moja ubao mmoja, naye alizinunua ujanani alipokuwa askari huko Japani. Delfina alimhudumia nyumbani kwake kwa miaka minne. Mwezi Septemba mpwa wa mzee, Janine, alileta mthamini wa bima. Mthamini akaweka picha za ukutani kando ya fotografia zilizopigwa mwaka 2009, akatikisa kichwa. Kwenye fotografia kila anga lilikuwa la zambarau. Ukutani kila anga lilikuwa limepauka. Nakala, alisema, tena nakala mbaya. Na zilikuwa kumi na moja. Ya kumi na mbili haikuwepo. Polisi walipopekua mkoba wa Delfina wakakuta risiti ya posta ya kifurushi kilichokwenda Louisville, kwa kaka mwenye mashine ya kuchapa. Hata askari wa siku ya kwanza kazini angejumlisha.

Delfina mwenyewe alikuwa amefunga mdomo. Hakuwaambia polisi kitu, hakumwambia wakili wake kitu. Kesi ingetajwa Jumanne. Ombi lake la uraia lilikuwa mezani, na wakili alishamweleza wazi: akipatikana na hatia ya wizi, uraia asahau, na huenda akarudishwa Burundi. Ni nchi aliyotoka akiwa mgongoni mwa mama yake, na mwaka huo huo watu walikuwa wanaikimbia tena. Ndiyo maana wakili alimtuma Mushagalusa, ambaye siku hizi aliishi kwa kumtafutia wakili huyo mashahidi na karatasi.

"Reginaldi, sikiya," alisema, akiweka kikombe chini. "Miye si polisi ya hapa. Avocat wa dada yako njo alinituma. Bon, polisi batakuja nyuma yangu, na bale habatakunywa kahawa na weye. Kile kifurushi kiko wapi?"

"Mzee, ukikichukua, ndiyo umemfunga."

"Nikikiacha, mutafungwa bote mbili."

Reginaldi akapanda kiti na kushusha kutoka juu ya kabati kitu bapa kilichofungwa kwa shuka safi. Mushagalusa alivaa glavu. Alipiga fotografia shuka, kifurushi, muhuri wa posta na tarehe, kisha akafungua. Ndani, ikiwa bado kwenye fremu yake ya kadibodi, mlikuwa na picha moja: watu saba wanavuka daraja wakiwa wametupa mgongo, miavuli mikononi, na juu yao anga la rangi ya chai iliyoongezwa maji. Pamoja nayo kulikuwa na ukurasa wa kitabu wenye picha ileile ikiwa na anga la zambarau, na kikaratasi kwa mwandiko wa Delfina: *Kaka, irudishie rangi ya juu iwe kama hii. Usiniulize.*

Reginaldi alisema hakuigusa. Alichanganya rangi mwezi mzima, akajaribu kwenye karatasi nyingine, na kila alipokaribia alijiona kama mtu anayetaka kumpaka marehemu poda. Zile karatasi nane kwenye kamba zilikuwa majaribio yake ya mwisho. Mushagalusa alimsikiliza nusu nusu, kwa sababu jicho lake lilikuwa limenasa mahali.

Watatu kati ya wale watu saba walishika taa, na taa zilikuwa zinawaka. Mchoraji alikuwa ameacha doa la manjano ndani ya kila moja, na chini, juu ya mbao za daraja, mwanga hafifu wa manjano ulikuwa umedondoka miguuni mwao. Anga lilikuwa jeupe kama saa sita mchana.

Nani anavuka daraja saa sita mchana na taa inayowaka? Mtu anayeghushi picha ili aiuze huanza na kile ambacho kila mtu hukitazama, yaani zambarau. Hawezi kuhangaika na mwanga mdogo miguuni halafu akasahau jioni yenyewe. Ama mghushi huyo alikuwa mpumbavu kuliko wapumbavu wote, ama hapakuwa na mghushi.

Aliandika maelezo ya Reginaldi, akamsomea, akamtaka atie sahihi kila ukurasa. Akampigia wakili simu. Wakili akasema yupo mwanamke mjini Columbus anayejua karatasi za kale, na kwamba Mushagalusa atampitia njiani.

Bi Pruitt wa Columbus alikuwa amestaafu, ila chumba chake cha kazi hakikuwa na habari hiyo. Kilikuwa na meza ndefu, taa za shingo ndefu, na madirisha yaliyofunikwa kabisa. Alipokea picha kwa mikono miwili, na kabla ya kuuliza jina la mtu yeyote akainama juu yake kwa kioo cha kukuzia, akakaa hivyo kiasi cha dakika ishirini. Mushagalusa alisimama. Alikuwa na maswali yaliyoandikwa kwenye daftari, lakini hayakuhitajika.

Mtindo wa Tokimine, Bi Pruitt alimweleza kwa Kiingereza cha polepole, ulikuwa rahisi kuutambua. Hakuchora uso wa mtu maisha yake yote. Watu wake wote wanaondoka. Na anga lake halikupakwa sawasawa. Mchapaji alipaka rangi kwenye ubao uliolowa, akaipangusa kwa mkono ili ikoze juu na kuyeyuka kuelekea chini, kwa hiyo hakuna karatasi mbili zilizofanana. Ile zambarau ilitoka kwenye maua ya aina mbili, moja jekundu na jingine la buluu. Ilikuwa nzuri kuliko rangi zote alizowahi kuziona, na haikuvumilia jua.

Kisha akaingiza kisu chembamba chini ya ukingo wa ile fremu ya kadibodi na kuuinua. Chini yake, pale ambapo mwanga haukuwahi kufika, palikuwa na mstari wa upana wa ukucha, na mstari huo ulikuwa zambarau tupu, mbichi, kana kwamba umechapwa jana. Mushagalusa aliutazama, akamtazama Bi Pruitt. Yeye akaleta fotografia ya mwaka 2009, nakala aliyotumiwa na wakili, na kumwonyesha matundu mawili ya mdudu kwenye kona ya chini kushoto. Matundu yaleyale yalikuwa kwenye karatasi, mahali palepale. Alisema mtu anaweza kuiga mchoraji lakini hawezi kumwiga mdudu.

Kwa hiyo picha ilikuwa halisi, Mushagalusa alitaka kuhakikisha. Halisi, alijibu. Na zile kumi na moja za ukutani bila shaka zilikuwa halisi pia. Hakuna aliyeiba kitu. Mtu alikuwa amezilaza kwenye jua kali, si saa chache, wiki nzima au zaidi, na rangi imekwenda. Alipomuuliza kama inaweza kurudishwa, aliweka kioo chake chini na kusema pole, kwa sauti ambayo watu huitumia kwa mfiwa.

Mpelelezi aliyepata jibu alipaswa kufurahi. Mushagalusa alinunua mkate na chai kwenye kituo cha mafuta nje ya Columbus, akashindwa kuvimaliza. Alijua sasa kwa nini Delfina hakusema neno, au alidhani anajua, na njia nzima hadi Buffalo alikuwa akitamani angepata mwizi.

Kesho yake mchana alibisha hodi kwa Delfina, mtaa wa Black Rock, kwenye nyumba ndogo ya mbao iliyo karibu na reli, alikoishi na watoto wake. Delfina alimkaribisha kwa heshima zote, akamwekea chai ya maziwa na maandazi, akauliza habari za Reginaldi na afya yake. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mrefu, mwenye sauti ya chini. Mushagalusa alimwacha amalize kumimina. Kisha akaweka mezani fotografia ya ule mstari wa zambarau.

"Dada Delfina, uliianika ku juwa."

Hakukana. Alikaa, akaivuta ile fotografia karibu, akaigusa kwa kidole kimoja.

"Kumbe ipo bado," alisema. "Hiki kidogo kimebaki."

Alieleza yote bila kusukumwa, kama mtu aliyechoka kubeba. Mwezi Juni mzee alilazwa hospitali wiki tatu kwa ugonjwa wa mapafu. Paa likavuja, ukuta wa sebuleni ukalowa, na picha zikaanza kunuka ukungu. Alimpigia Janine, simu haikupokelewa. Akazishusha zote kumi na mbili, akatoa vioo, akazipanga kwenye kibaraza cha vioo kinachotazama kusini, na asubuhi na mchana alikuwa akizigeuza zifuate jua. Hakuwa amefanya jambo la ajabu. Kambini Kanembwa, kule Kibondo, kila masika yalipokatika mama yake alitoa sandukuni karatasi zao zote, kadi ya chakula, vyeti vya ubatizo, fomu za wakimbizi, akazitandaza uani na kuweka vijiwe kwenye pembe. Majirani ambao karatasi zao zilioza walipoitwa kwenye usaili wa kuhamia Marekani hawakuwa na cha kuonyesha, na wakabaki.

"Sisi tulipanda ndege kwa sababu ya jua, kaka. Sikujua kwamba kuna karatasi inayokufa kwa jua. Niliona rangi inapungua, nikadhani ni unyevu unatoka."

"Na mzee aliporudi?"

"Nilikuwa nimeshazirudisha ukutani. Ile ya daraja tu ndiyo niliituma kwa Reginaldi, nikisema ikifaulu nitatuma nyingine."

"Juu ya nini haukumwambia?"

Delfina alisukuma kikombe chake. Kila siku saa tisa alasiri, alisema, mzee humwomba amweke kwenye kiti mbele ya picha moja na kumweleza kilichomo, maana yeye anaona kivuli tu. Walianza hivyo tangu macho yalipoanza kwenda. Siku ya kwanza aliporudi kutoka hospitali alichagua picha ya watu kwenye mvua, akauliza kwanza habari za anga. Delfina alifungua mdomo ili amwambie. Akasikia anasema ni zambarau, imekoza juu, inayeyuka huku chini. Mzee akashusha pumzi na kusema alikuwa akiifikiria kule wodini. Baada ya hapo hakupata tena mlango wa kurudi. Alisema zambarau mwezi Julai, akasema Agosti, akasema mpaka siku polisi walipokuja.

"Sasa sikiliza," alisema. "Mwizi akikamatwa, kilichoibiwa bado kipo mahali. Mzee atalala akijua zipo, nyumba fulani, ukuta fulani, na rangi zake. Nikisema ukweli, zimekufa zote, nimeziua mimi, na nimemdanganya akiwa ameketi kando yangu. Niandike mwizi, kaka. Nakuomba."

Mushagalusa alikuwa amewahi kuombwa mambo mengi na washukiwa, sigara, muda, huruma, ila hili hakuwahi kuombwa. Lilimuuma, na kwa sababu lilimuuma akaongea kwa ukali kuliko alivyokusudia.

"Donc unataka watoto yako bakuje kukuona Burundi? Ao babakie huku paka bobo, bila mama? Jaji hatauliza kama ulimupenda muzee. Atasoma tu: wizi. Na ule muzee ni kipofu wa macho, si wa akili. Unamukatia shauri yeye asiambiwe, nani alikupa ile kazi?"

Aliona maneno ya mwisho yamempiga, akajuta kidogo, lakini hakuyarudisha. Delfina alilia bila sauti kwa muda mrefu. Alipomaliza alijipangusa kwa ncha ya kitenge, akakubali kwa sharti moja: mzee aambiwe kwanza, kabla ya wakili na kabla ya Janine, na aambiwe kwa maneno yake yeye. Mwenyewe hangeweza kwenda. Amri ya mahakama ilimkataza kukaribia ile nyumba. Kwa hiyo Mushagalusa alitoa daftari na kuandika alivyoambiwa, neno kwa neno.

Siku iliyofuata walipanda gari moja hadi North Buffalo. Alimshusha kwenye kituo cha basi barabara ya Hertel, mbali na nyumba kama amri ilivyotaka, naye akaendelea. Janine alimfungulia mlango uso ukiwa umekunjamana, akasema ana nusu saa na si zaidi, akaenda kukaa jikoni.

Mzee Wojcik alikuwa kwenye kiti chake, blanketi magotini, akitazama ukuta ambao sasa ulikuwa na misumari kumi na mbili tu, kwa kuwa polisi walichukua picha. Mushagalusa alijitambulisha. Akavuta kiti, akafungua daftari, na kumsomea kwa Kiingereza chake kizito maneno ya Delfina: paa, ukungu, kibaraza, kambi, vijiwe kwenye pembe, jua, na saa tisa za kila siku. Mikono ya mzee ilikuwa mikubwa na ilitulia juu ya blanketi.

Aliposikia daftari likifungwa, mzee aliuliza kama ni picha zote. Zote, Mushagalusa alijibu. Akauliza kama kweli hazirudi. Hazirudi. Kutoka jikoni ilisikika Janine akifunga bomba.

"Yale mengine aliyoniambia," aliuliza hatimaye. "Miavuli. Yule mtu wa kwanza kwenye daraja, aliyeinamisha kichwa. Yalikuwa kweli?"

"Kweli yote. Nimeiona ile ya daraja mwenyewe. Rangi tu ndiyo haikuwa kweli."

"Mimi rangi ndiyo nilikuwa naiomba," mzee alisema.

Aliomba kalamu. Mushagalusa alikuwa ameandaa maelezo mafupi, kwamba picha zote ni zile zile na kwamba hakuna kilichoibwa. Aliyasoma kwa sauti, akaongoza mkono wa mzee mpaka kwenye mstari. Sahihi ilipanda mlima, lakini ilikuwa sahihi. Akiwa bado ameshika kalamu, mzee alisema Delfina aambiwe hana kinyongo kuhusu picha. Zilikuwa karatasi, na hata yeye alikuwa amezipata kwa mtu aliyekuwa na njaa kuliko yeye, jambo ambalo halikumpa usingizi kwa miaka mingi. Angemsamehe hata kama angezichoma moto.

"Lakini asirudi," alisema. "Kila siku saa tisa nilikuwa naona. Nilikuwa nadhani naona. Mwambie sitaweza kumsikiliza tena."

Mushagalusa alijaribu kusema kitu kuhusu miaka minne. Mzee aligeuza uso upande wa dirisha, na mahojiano yakaishia hapo.

Delfina alikuwa amesimama kituoni, mkoba kifuani, ingawa benchi lilikuwa tupu. Mushagalusa alimpa habari njema kwanza, kama wafanyavyo waoga: sahihi imepatikana, wakili ataipeleka kwa mwendesha mashtaka leo leo, na hatarajii kesi ifike hata hiyo Jumanne. Delfina aliitikia kwa kichwa kila sentensi.

"Na yeye amesemaje?"

"Amesema hana kinyongo. Amesema zilikuwa karatasi tu."

Ingekuwa rahisi kuishia hapo. Yalikuwa maneno ya mzee mwenyewe, na hakuna ambaye angemlaumu. Alimtazama yule mwanamke akimsubiri, akaona jinsi uwongo mwema unavyokuja wenyewe mdomoni, laini, bila kusukumwa, na kwa mara ya kwanza akamwelewa sawasawa.

"Kwa hiyo Jumatatu niende?" Delfina aliuliza.

"Hapana, dada. Amesema usirudi. Hawezi kukusikia tena."

Delfina hakulia. Basi la kwenda mjini lilikuja, likasimama, dereva akawatazama, likaondoka. Baada ya muda alianza kumweleza mambo ambayo mhudumu mpya atapaswa kuyajua, na Mushagalusa akatoa tena daftari na kuandika. Dawa ya asubuhi apewe baada ya chakula, si kabla. Asimwinue kwa mkono wa kushoto. Chai asiweke sukari hata akiomba.

"Na saa tisa?" Mushagalusa aliuliza, kalamu ikisubiri.

"Saa tisa amweke mbele ya ukuta," alisema Delfina. "Akiuliza kuna nini, amwambie ni misumari."